Massey 135 limegoma kuwaka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu matrekta ya zamani

Wakuu, haya maswali yanarudi kila msimu mvua zikikaribia, watu wanatoa trekta bandani ndo wanakumbuka lilikuwa na shida tangu mwaka jana. Nimeyakusanya hapa na majibu yake ili mtu asome kabla hajampigia fundi. Naongelea zaidi Massey Ferguson 135, lile lililokuwa likitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1964 hadi 1975, lenye injini ya Perkins ya silinda 3 ya dizeli, inchi za ujazo 152, yaani kama lita 2.5. Kama una MF 35 la silinda 3, au MF 240 la Pakistan, au IMT 539 la Yugoslavia ya zamani, karibu yote yanakuhusu pia maana injini ni ukoo mmoja. Mwenye Ferguson la kijivu la petroli ashuke chini kabisa.

Stata inazunguka vizuri tu lakini haliwaki. Nianzie wapi?

Anzia kwenye ekzosi. Usishike spana bado. Mwambie mtu apige stata sekunde kumi hivi, wewe simama pembeni uangalie bomba la moshi, hilo peke yake litakuokolea hela nyingi kuliko kitu kingine chochote nitakachoandika hapa.

Kama hakuna moshi kabisa, hata kidogo, basi dizeli haifiki kwenye silinda. Hapo shida ni mafuta: tenki, koki, filta, upepo kwenye paipu, waya wa kuzimia umebaki umevutwa, au pampu. Kama unatoka moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi, basi mafuta yanafika ila hayaungui, kwahiyo usihangaike na filta, shida ni joto au kompresheni (hewa haibanwi vya kutosha ndani ya silinda) au stata inazunguka polepole mno. Moshi mweusi mzito wakati wa kuwasha ni hewa haitoshi, fungua chujio la hewa uone, mara nyingi utakuta panya kajenga humo au oili imekuwa tope.

Watu wengi wanaruka hatua hii. Mtu anabadilisha nozeli tatu, zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda, wakati trekta halitoi hata moshi, nozeli zingefanya nini kama mafuta hayazifikii? Na kabla hujaendelea angalia ule waya wa kuzimia kwenye dashibodi, usukume mpaka ndani, alafu nenda kwenye pampu yenyewe uhakikishe mkono wake umerudi kweli maana waya ukishika kutu unasukuma huku mbele ila kule kwenye pampu mkono haujasogea.

Nikigeuza swichi kimya kabisa, hata tiki hakuna. Betri nzima, taa zinawaka.

Gia ndogo, ile ya hai na loo (mwendo wa juu na wa chini), iko nyutro? Kwenye 135 kuna swichi ya usalama inayokataza stata isipige mpaka hiyo gia iwe katikati. Sio gia kubwa, ile ndogo. Dereva mgeni ataweka gia kubwa nyutro alafu akae anageuza ufunguo nusu saa.

Kama iko nyutro na bado kimya, tikisa huo mkono kidogo kidogo huku mwenzako kashika ufunguo. Ikipiga ghafla basi swichi imechakaa au waya zake zimelegea. Ikiwa bado, chukua taa ya kujaribia uone kama umeme unafika kwenye waya mwembamba wa stata wakati ufunguo umegeuzwa. Umeme unafika na haipigi, shida ni stata au solenoidi yake. Haufiki, rudi nyuma kwenye swichi.

Sasa naomba hapa tuelewane. Kuna hii tabia ya kupiga stata kwa bisibisi, mtu kasimama chini kati ya tairi la mbele na la nyuma anaunganisha nati mbili za stata cheche zinaruka. Ukifanya ivo ile swichi ya usalama umeiruka, trekta likiwa kwenye gia litawaka na kuondoka palepale na tairi la nyuma ndo linalokufuata. Watu wamekufa hivi duniani kote, na sio wageni wa matrekta, ni wazoefu. Tengeneza swichi, ni kitu cha bei ndogo.

Inalia ta-ta-ta au inazunguka kwa kujivuta kisha inasimama.

Betri, vichwa vya betri, au waya wa bodi, ule unaotoka betri kwenda kwenye chuma cha trekta. Kwa mpangilio huo.

Pima betri ikiwa imetulia, nzima iliyojaa inasoma kama volti 12.6, ikiwa 12.2 ujue ni nusu. Alafu pima huku stata inapigwa, ikishuka chini ya 9.5 hivi betri imechoka au ni ndogo. Watu wanafunga betri ya Vitz kwenye injini ya dizeli ya lita 2.5 alafu wanashangaa. Dizeli inawaka kwa joto la kubana hewa, stata ikizunguka polepole hewa inapata muda wa kupoa na kuvuja kwenye ringi, hivyo hata kama injini ni nzima haitawaka. Kwa hiyo "inazunguka kidogo" haitoshi, inatakiwa izunguke kwa nguvu.

Vichwa vya betri vivue, vikwangue mpaka ving'ae, ndani na nje. Ule unga mweupe na wa kijani ndo adui. Waya wa bodi fuata mpaka unapofungwa kwenye chuma, fungua, kwangua rangi na kutu, funga tena. Kujua kama waya wa bodi ndo mbaya chukua waya wa kubustia, unganisha upande wa betri uliofungwa bodi moja kwa moja kwenye chuma cha injini, piga stata. Ikizunguka kwa furaha umeshapata jibu.

Na kabla ya kubustia kutoka kwenye gari angalia ni upande gani wa betri umefungwa bodi. Matrekta ya zamani ya Kiingereza mengine bodi ni chanya, sio hasi kama magari ya saivi. Usifuate rangi ya waya, fuata waya wenyewe.

Dizeli iliisha nikiwa shambani, nimejaza tenki lakini haliwaki.

Umeingiza upepo. Hili ndo swali namba moja na halihitaji fundi, linahitaji uvumilivu na spana mbili. Na usikae unapiga stata ukitegemea litajitoa lenyewe, utaua betri na kuunguza stata bure.

Fungua koki ya tenki. Tafuta lifti pampu, ile ndogo inayovuta dizeli kutoka tenki, yenye kimkono cha kupampu kwa kidole. Legeza skrubu ya kutolea upepo juu ya filta (kama una filta mbili, anza na ile ya kwanza kutoka tenki), pampu kwa kimkono, utaona povu linatoka, endelea mpaka dizeli itoke safi bila kipovu hata kimoja, kaza huku bado inatoka. Hapa ndo wengi wanakwama: kimkono kinacheza tu hakina uzito, hakisukumi kitu. Pampu haijafa. Kemshafti ya injini imesimama mahali ambapo imeishikilia pampu juu, kwahiyo kimkono hakina cha kuvuta. Zungusha injini kidogo, kwa feni au kwa kugusa stata mara moja, alafu jaribu tena, utasikia uzito umerudi.

Ukimaliza filta nenda pampu ya injekta, ile inayosukuma dizeli kwa presha kwenda kwenye nozeli. Kwenye hizi injini ni aina ya DPA ya kampuni ya CAV, ina skrubu mbili za upepo, moja ubavuni na nyingine juu kwenye sehemu ya gavana, kidhibiti mwendo. Anza ya ubavuni, malizia ya juu, pampu kwa kidole kila moja mpaka isafike. Futa kwanza sehemu yote kwa kitambaa na dizeli kabla ya kufungua, chembe moja ya mchanga ndani ya hiyo pampu ni hasara.

Mwisho legeza nati za paipu za juu kwenye nozeli, zote tatu, raundi moja tu inatosha usizitoe. Akseleta weka mwisho, waya wa kuzimia ndani, piga stata. Dizeli itaanza kutema kwenye nati, kaza ya kwanza, ya pili, na mara nyingi kabla hujamaliza ya tatu linaanza kukohoa lenyewe. Uso na mikono kaa mbali na hizo paipu. Presha pale ni kubwa ya kupenyeza dizeli ndani ya ngozi, kidonda kinaonekana kama tundu la sindano tu lakini ni cha kukimbilia hospitali siku hiyohiyo, sio kesho.

Natoa upepo linawaka vizuri, kesho asubuhi yaleyale.

Basi kuna mahali linavuta hewa. Angalia washa za kopa, zile zikishafungwa mara nyingi zinakuwa ngumu na hazizibi tena. Unaweza kuzipasha moto zikawa nyekundu na kuzipoza zikalainika, lakini mpya ni hela ndogo sana. Sili za mpira kwenye filta ndo mshukiwa mkubwa wa pili, mtu anabadilisha filta anaacha sili ya zamani imeshika juu kwenye hedi ya filta alafu anaweka mpya juu yake, zinakuwa mbili, haitaziba hata ufanyeje.

Upande wa kati ya tenki na lifti pampu ni mgumu kugundua maana pale pampu inavuta, haisukumi, kwahiyo hewa inaweza kuingia bila dizeli kutoka nje na pengine usione unyevu wowote. Njia rahisi ni kukata kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, ukakiunga kwa muda, ukawasha na kuangalia vipovu. Vipovu vipo kabla ya lifti pampu, tafuta nyuma. Havipo pale ila vipo baada yake, basi dayaframu au gasketi ya lifti pampu yenyewe.

Linafanya kazi nusu saa, linapoteza nguvu linazima. Nikisubiri kidogo linawaka tena.

Fungua kifuniko cha tenki linapozima. Ukisikia hewa inaingia fyuu, umemaliza, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba. Tenki linatengeneza utupu na lifti pampu inashindwa kuvuta, ukisubiri hewa inaingia pole pole na dizeli inashuka tena. Zibua kwa waya. Mtu asikuuzie pampu kwa ugonjwa huu.

Kama sio kifuniko basi kuna uchafu ndani ya tenki, jani au kipande cha mfuko au kutu, kinavutwa mpaka mdomo wa koki kinaziba, likizima kinaelea tena. Toa paipu chini ya koki uone dizeli inavyotiririka, inatakiwa itoke kwa mkondo na iendelee hivyo, sio ianze vizuri kisha ipungue. Na kile kikombe kwenye lifti pampu chenye wavu, watu hawakijui kabisa kama kipo, kifungue ukisafishe.

Asubuhi linawaka mara moja, likishapata moto nikizima haliwaki mpaka lipoe kabisa.

Hii ni dalili maarufu ya pampu ya DPA kuchoka. Ndani yake kuna rota inayozunguka kwenye tundu, zimetengenezwa kwa kubanana sana, na dizeli yenyewe ndo inayoilainisha. Zikilika, dizeli ikiwa baridi ni nzito kidogo bado inazibana, ikipata moto inakuwa nyepesi na inavuja pembeni, kwa mwendo wa stata presha haifiki ya kufungua nozeli.

Kipimo chake hakina gharama. Likigoma likiwa la moto chukua tambara, lilowe maji ya baridi, zungushia pampu, subiri dakika kadhaa upoze pampu peke yake. Piga stata. Likiwaka, una jibu: hedi na rota vimekwisha, na hapo kweli ni kazi ya karakana ya pampu yenye mashine ya kupimia, sio ya chini ya mwembe. Lakini usiseme ni pampu kabla hujahakikisha stata yenyewe haichoki ikipata moto, maana nayo ina ugonjwa huohuo. Sikiliza mwendo wake, kama inazunguka kwa kasi ileile ya asubuhi ndo uishuku pampu.

Huku kwetu baridi, moshi mweupe mwingi, linawaka baada ya kulipigia stata muda mrefu.

Watu wa Njombe, Makete, Mbulu, na kule Kinangop Kenya wanajua. Injini hii haina glo plagi, usizitafute. Ina kitu kinaitwa thamostati ya kuwashia, Thermostart, kimefungwa kwenye manifoldi ya hewa, kina waya mmoja wa umeme na kapaipu kembamba ka dizeli. Ukigeuza ufunguo kwenye hatua ya kupasha kinapata moto, kinafungua dizeli kidogo, kinaiwasha, na injini inavuta hewa ya moto. Shikilia sekunde 15 hadi 20 kisha endelea kwenye stata.

Matrekta mengi ya huku hicho kitu kilishakatwa waya zamani. Kirudishe. Ila hakikisha kikopo chake kidogo cha dizeli kina mafuta kwanza, ukikipasha kikavu kinaungua. Na kikianza kuvuja kinadondosha dizeli kwenye manifoldi muda wote, utaona moshi hata likiwa limeshapata moto.

Kama thamostati inafanya kazi na bado, seti tapeti, yaani ile nafasi ndogo juu ya valvu. Kwenye hizi injini ni inchi 0.012 injini ikiwa baridi, au 0.010 ikiwa ya moto, nusu saa ya kazi. Tapeti zikibana valvu hazifungi vizuri na kompresheni inatoroka. Ikishindikana ndo upime kompresheni yenyewe. Dalili ya ringi kuisha ni moshi wa bluu ukiwa kazini, oili inaliwa, na bomba la kupumulia la injini linafuka kama jiko la kuni. Hapo ni ovahoo, kufungua injini nzima na kuitengeneza upya, hakuna dawa ya chupa.

Vipi ile spreyi ya kuwashia, au kitambaa cha petroli kwenye chujio la hewa?

Kwa injini yenye Thermostart inayofanya kazi usithubutu, kuna moto ndani ya manifoldi na wewe unapulizia kitu kinacholipuka. Hata isiyo nayo, inagonga mapema pistoni ikiwa bado inapanda na inaweza kuvunja ringi. Alafu injini inazoea, sio kwamba inazoea kama mlevi, ni kwamba wewe unaacha kutafuta ugonjwa na ugonjwa unakua.

Kuvutwa na trekta lingine je?

Inawezekana kama una uhakika injini haijashika, kuna oili, na mnyororo ni mrefu. Tumia gia za juu sio za chini, klachi achia taratibu. Kama limekaa muda mrefu usivute kabisa, soma linalofuata.

La mzee, limekaa kwenye banda miaka mingi. Nalifufuaje?

Taratibu. Kwanza zungusha injini kwa mkono, kwa puli ya mbele, kwa nati yake. Ikigoma usilazimishe wala usilivute, toa nozeli zote tatu, mimina oili nyepesi iliyochanganywa na dizeli kwenye kila tundu, acha siku kadhaa, rudia, jaribu kuzungusha mbele na nyuma kidogo kidogo. Ikikubali, piga stata bila nozeli ili ule uchafu utoke kwanza, na usimame pembeni maana unatoka kwa nguvu.

Mwaga dizeli yote ya zamani, osha tenki, filta mpya, oili mpya. Chungulia mkia wa ekzosi na manifoldi, manyigu wanapenda sana kujenga humo. Kwenye pampu ya DPA kuna valvu ndogo ya kupimia mafuta ambayo dizeli ya zamani ikikauka inaigandisha kama gundi. Ikiganda imefungwa, hakuna dizeli hata utoe upepo mpaka jioni. Ikiganda wazi ni hatari zaidi, trekta litawaka na kupaa mpaka mwisho lenyewe. Kwahiyo siku ya kwanza kuwasha uwe na mtu amekaa karibu na mdomo wa hewa ameshika kipande cha ubao bapa, na kifuniko cha chujio kimetolewa, tayari kuuziba. Sio kwa mkono, sio kwa shati, vitavutwa.

Limekataa kuzima, nifanyeje?

Kama waya umekatika tu, sukuma mkono wa kuzimia kwenye pampu kwa mkono wako. Kama linakimbia lenyewe, weka gia ya juu, kanyaga breki zote mbili, achia klachi lizimike. Au ziba hewa kwa ubao kama nilivyosema. Baada ya hapo angalia chujio la hewa, lile la oili, kama kuna aliyejaza kupita alama, injini ilikuwa inakunywa hiyo oili.

Fundi kasema pampu imekufa, anataka hela ya pampu nzima.

Muulize maswali mawili: ametoa upepo mpaka kwenye nozeli? Na dizeli inafika kwenye mdomo wa kuingilia pampu kwa mkondo? Kama hajui, pampu yako haijashtakiwa bado. Legeza nati moja ya nozeli piga stata uone. Inatema kwa vipigo, pampu inasukuma, nenda kapimishe nozeli. Nozeli zinapimwa kwa mashine ya mkono, ukungu mwembamba ni nzuri, inayokojoa mkondo au kudondosha matone ni mbovu.

Pampu ikitaka kutolewa, kabla haijatoka chunguza ule mstari uliochorwa kwenye flenji yake na mwenzake kwenye keisi ya mbele. Iliyorudishwa bila mistari kukutana taimingi, yaani wakati wa kupulizia dizeli, imehama, ndo unasikia mtu anasema "tangu pampu itengenezwe linawaka kwa shida kuliko zamani". Ilitengenezwa vizuri, ikafungwa vibaya.

Oili inaongezeka yenyewe badala ya kupungua. Nifurahi?

Hapana bwana. Dizeli inaingia kwenye oili, aidha dayaframu ya lifti pampu imetoboka au sili ya shafti ya pampu ya injekta imekufa. Toa stiki ya kupimia, nusa, dondosha kwenye kidole, ikiwa nyepesi na inanuka dizeli usiwashe tena mpaka utengeneze na ubadilishe oili yote. Beringi hazilainishwi na dizeli. Kama oili ni rangi ya maziwa ya chai, hayo ni maji, gasketi ya hedi au laina.

Dizeli ya kwenye dumu ina shida?

Ina maji mara nyingi na ina mchanga kila mara. Acha dumu litulie usiku kucha bila kutikiswa, mimina kwa kitambaa kizito, na vidole viwili vya chini usivimimine. Iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa itawasha trekta vizuri tu, ndo ubaya wake, huoni kitu mpaka rota ya pampu ilike kwa kukosa ulainisho. Na jioni ukimaliza kulima jaza tenki, tenki lililo tupu usiku linatengeneza maji ya ukungu ndani.

Langu ni Ferguson la kijivu, TE20, la petroli na mafuta ya taa.

Hilo ni la zamani zaidi, 1946 hadi 1956, Coventry hukohuko. Stata yake inapigwa kwa gia, unapeleka mkono wa gia kwenye S. La mafuta ya taa linawashwa kwa petroli kwanza, linapashwa moto ndo unahamishia kwenye mafuta ya taa, na kabla ya kuzima unarudi petroli ili kabureta ibaki na petroli ya kuwashia kesho. Ukilizima likiwa kwenye mafuta ya taa asubuhi halitawaka, na hapo hakuna kilichoharibika, mwaga kabureta tu.

Kama cheche hakuna fungua kifuniko cha distribyuta, pitisha msasa laini kwenye pointi, zifute na uziseti upya. Plagi zenye masizi meusi makavu ni mchanganyiko mzito, choki imebaki imevutwa. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Kwenye 135 la silinda tatu ni 1-2-3, hapo hakuna wa kukosea.

Spea za India na Pakistan zinaingia?

Nyingi zinaingia, maana TAFE wa India na Millat wa Pakistan wametengeneza Massey miaka mingi, na Millat wanatumia injini hiihii. Filta, gasketi, lifti pampu, ringi, chukua bila wasiwasi ila beba ya zamani dukani ulinganishe. Rota ya pampu na nozeli mimi ningelipa zaidi. Na nunua seti ya spana za inchi, 7/16, 1/2, 9/16, 5/8, bolti nyingi za Perkins hizi sio za milimita, spana ya 13 inaonekana inakaa kwenye bolti ya 1/2 mpaka siku bolti imeshika kutu, ndo unaisikia inateleza na kona zote zimekwisha, na hapo utaanza kutafuta mtu wa kuchomelea nati.